Afya ya mtoto huanzia kwenye bajeti

Msomaji, kila mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha anapoingia Bungeni na mkoba wake, nchi nzima hutega sikio. Mwenye gari anataka kujua bei ya petroli. Mama wa nyumbani anauliza habari za unga na mafuta ya kupikia. Mfanyakazi anauliza atakatwa kiasi gani zaidi. Mwaka 2024 tulikwenda hatua nyingine mbele. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaujadili katika matatu na katika simu zao, wakaingia barabarani kuupinga, na baadhi yao wakapoteza maisha. Mwishowe Rais akakataa kuutia sahihi.

Lakini Mswada wa Fedha ni nusu moja tu ya bajeti. Hiyo ni nusu inayoeleza jinsi pesa zitakavyotoka mfukoni mwako. Nusu ya pili ni kitabu kinene cha makadirio ya matumizi, kinachoeleza pesa hizo zitakwenda wapi. Nusu hiyo haiandamaniwi na mtu, na wanaoisoma ni wachache mno.

Mimi ni daktari wa kawaida hapa Shieywe, katika mji wa Kakamega. Si mtaalamu wa uchumi. Hata hivyo, wiki hii naomba niseme kwamba mengi ninayoyaona yakiwapata watoto wanaoletwa kwangu huwa yameamuliwa ndani ya kitabu hicho, miezi mingi kabla ya mtoto kushikwa na homa.

Takwimu zinatufundisha nini?

Kila baada ya miaka kadhaa serikali hufanya uchunguzi mkubwa wa afya ya familia nchini. Moja ya hesabu zake ni hii: kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai, wangapi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano? Uchunguzi wa 1993 ulipata watoto 96. Ule wa 1998 ulipata 112. Ule wa 2003 ulipata 115, yaani karibu mtoto mmoja katika kila tisa. Kisha hesabu ikaanza kushuka: 74 katika uchunguzi wa 2008 na 2009, 52 mwaka 2014, na 41 mwaka 2022.

Tazama vizuri nambari hizo. Katika miaka ya 1990 vifo vya watoto havikupungua, viliongezeka. Sisi tuliokuwa shuleni wakati huo tunakumbuka mazishi ya watoto wadogo yalivyokuwa jambo la kawaida vijijini. Sababu zilikuwa kadhaa. Ukimwi ulikuwa umeingia majumbani na dawa za kuurefusha uhai hazikuwapo kwa mtu wa kawaida. Klorokwini ilikuwa imeshindwa na malaria. Na zaidi ya hayo, serikali ilikuwa imekaza mkanda. Mwishoni mwa 1989 ulianzishwa mpango wa wagonjwa kuchangia gharama hospitalini. Ulisimamishwa kwa sehemu mwaka 1990 kwa sababu wagonjwa walipungua mno, kisha ukarudishwa polepole kuanzia 1992. Mzazi asiye na senti akajifunza kungoja. Na mtoto mwenye nimonia hawezi kungoja.

Halafu tazama kushuka. Hakukuletwa na muujiza wala na hospitali moja kubwa. Kulitokana na vitu vidogo vilivyolipiwa na kusambazwa kwa wingi: chanjo ya kuzuia magonjwa matano kwa sindano moja tangu mapema miaka ya 2000, vyandarua vilivyogawiwa bure kwa mamilioni mwaka 2006, dawa mpya ya malaria, dawa za kumkinga mtoto asiambukizwe virusi vya Ukimwi na mama yake, chanjo ya nimonia mwaka 2011 na ile ya kuhara mwaka 2014. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilishushwa hadi shilingi 10 na 20, na watoto wa chini ya miaka mitano wakasamehewa. Mwezi wa Juni 2013 ada hizo zikaondolewa kabisa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bila malipo.

Maana yake ni nini, ndugu msomaji? Ni kwamba vifo vya watoto si majaaliwa tu. Hupanda na kushuka, na moja ya mikono inayovipandisha na kuvishusha ni ule unaoandika bajeti.

Wale wachanga wamesahauliwa

Sasa nikupe hesabu nyingine ambayo haitajwi sana. Kati ya watoto 1,000, ni wangapi hufa kabla ya kutimiza siku 28? Mwaka 2014 walikuwa 22. Mwaka 2022 walikuwa 21. Miaka minane, na tumepunguza mmoja tu. Kwa maneno mengine, tumejifunza kumwokoa mtoto wa mwaka mmoja, lakini yule wa siku moja tumemwacha karibu pale pale alipokuwa. Leo nusu ya vifo vya watoto wadogo hutokea katika mwezi wa kwanza wa maisha.

Watoto hao hufa kwa mambo matatu makuu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mitambo ya ajabu kwa wengi wao. Aliyekosa hewa anahitaji muuguzi aliyefunzwa, mwenye kifuko cha kupulizia hewa mkononi, katika dakika ile ya kwanza. Aliyezaliwa mapema anahitaji joto, na joto lililo bora ni kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, pamoja na maziwa ya mama na mtu wa kumwangalia usiku. Mwenye maambukizi anahitaji sindano za viuavijasumu zianze saa ile ile. Wengine wanahitaji oksijeni isiyokatika umeme ukikatika.

Vitu hivi si ghali vikihesabiwa kimoja kimoja. Ugumu wake ni kwamba lazima viwepo kila siku, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu. Na hapo ndipo bajeti inapowageuka watoto.

Katika vitabu vya serikali matumizi yamegawanywa mafungu mawili. Kuna matumizi ya maendeleo, yaani majengo, barabara na mitambo. Kuna matumizi ya kawaida, yaani mishahara, dawa, umeme, mafuta ya ambulensi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Nia yake ni njema, ili pesa zote zisiliwe na mishahara. Lakini kwa upande wa afya jina hilo linapotosha. Ukuta wa wodi huitwa maendeleo hata kama ndani hamna muuguzi. Muuguzi anayemfufua mtoto saa tisa za usiku huitwa matumizi ya kawaida. Pesa zikipungua, cha kwanza kukatwa ni hicho cha kawaida, kwa sababu hakina utepe wa kukatwa wala bamba la jina la mheshimiwa.

Sisemi majengo hayafai. Hapa mjini kwetu ujenzi wa hospitali kubwa ya mafunzo na rufaa ulianza katika enzi ya gavana wa kwanza, ukakwama, na umekuwa wimbo wa kila uchaguzi. Mimi pia nataka ikamilike, maana mtoto mwenye tundu kwenye moyo hawezi kutibiwa zahanatini. Ninachosema ni kwamba jengo likimalizika litadai wauguzi, madaktari, oksijeni na dawa kila mwezi kwa miaka 50 ijayo. Anayekuahidi jengo, mwulize habari za mishahara pia.

Mfano wetu wenyewe wa Kakamega

Tunayo sababu ya kujivunia. Mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza, Kakamega ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, kwa usaidizi wa UNICEF. Watu wakauita Oparanya Care, kwa jina la gavana wa wakati huo. Mpango ulikuwa rahisi kueleweka. Mama maskini mjamzito alipewa shilingi 2,000 mara sita, jumla shilingi 12,000, ikiwa atahudhuria kliniki ya wajawazito, atajifungulia hospitalini, na atamleta mtoto apate chanjo zake zote.

Wapo waliocheka. Walisema akina mama watazaa ili wapate hela. Msomaji, piga hesabu wewe mwenyewe. Shilingi 12,000 zikigawanywa kwa miezi inayohusika, tangu mimba hadi mtoto apate chanjo za mwisho, hazifiki hata shilingi 600 kwa mwezi. Nani atabeba mimba na kulea mtoto kwa mshahara huo? Pesa hizo hazikuwa zawadi ya kuzaa. Zilikuwa nauli ya bodaboda kwenda hospitali, sabuni, kilo chache za unga, na siku moja ya kibarua ambayo mama huikosa akija kliniki. Mama hakosi kliniki kwa kutojali. Hukosa kwa kuwa akiacha kulima shamba la watu asubuhi hiyo, jioni hakuna chakula.

Kisha kaunti ikafanya jambo la busara zaidi. Mwaka 2017 bunge la kaunti lilipitisha sheria ya afya ya mama na mtoto na upangaji uzazi, ili msaada huu usitegemee hisani ya gavana mmoja. Hilo ni somo kubwa. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembe tatu tuliyokunywa shuleni. Yalianza 1979 kwa amri ya Rais, yakapendwa na kila mtoto, na katika miaka ya 1990 yakayeyuka bila tangazo. Mpango unaobebwa na jina la mkubwa huondoka na mkubwa.

Lakini sheria nayo bila pesa ni karatasi. Sheria husema mama asaidiwe. Makadirio ya matumizi husema asaidiwe kwa shilingi ngapi, na hazina huamua pesa hizo zitoke lini. Malipo ya mama yakichelewa miezi sita, mtoto ameshazaliwa, pengine nyumbani. Kwa hiyo tusiulize tu kama mpango upo. Tuulize umetengewa kiasi gani mwaka huu, kwa akina mama wangapi, na mwaka jana walilipwa wangapi. Akina mama 1,000 kwa shilingi 12,000 ni shilingi milioni 12. Pesa hizo zinakaribiana na bei ya gari moja kubwa jipya la kumbeba mkubwa. Hilo nalo limo katika kitabu kile kile, ukurasa mwingine.

Ada ndogo si ndogo

Kuna hoja nyingine ambayo huisikia hata kwa wasomi wenzangu: watu wasipewe vitu vya bure, watavidharau, walipe angalau kidogo. Hoja hii ilipimwa hapa hapa Magharibi ya Kenya. Wataalamu wawili wa uchumi, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walifuatilia kliniki za wajawazito. Katika baadhi, vyandarua vilitolewa bure. Katika nyingine viliuzwa kwa bei ndogo sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ilipopandishwa kutoka bure hadi shilingi 40, wajawazito waliochukua chandarua walipungua kwa asilimia 60 nzima. Na waliopewa bure walikitumia nyumbani sawasawa na walionunua. Hawakukidharau. Walioachwa bila chandarua ni wengi wa wale waliotakiwa kulipa shilingi 40.

Nakueleza haya kwa sababu yanagusa bima yetu ya sasa. Chini ya Linda Mama, iliyoanza mwaka 2016, mama hakutakiwa kuchangia chochote ili ajifungue. Tangu Oktoba 2024 tumeingia katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Yapo mazuri ndani yake: matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya yanapaswa kulipiwa na hazina ya serikali, mgonjwa asitoe kitu. Lakini kwa huduma za kulazwa, familia lazima iwe imejisajili na kulipa mchango. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na hana la kufanya. Mama anayeuza mboga sokoni hupimiwa uwezo wake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazotakiwa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600. Ikiwa shilingi 40 zilitosha kumzuia mama asichukue chandarua, shilingi 3,600 zitafanya nini?

Serikali ikitaka bima ifaulu kwa watoto, lazima iwalipie wale wasio na uwezo, na ilipe kwa wakati. Hilo ni fungu la bajeti. Haliwezi kutimizwa kwa hotuba.

Chanjo: wafadhili wanaaga

Jambo la nne ni la dharura. Mwaka 2025 chanjo ya BCG inayomkinga mtoto na kifua kikuu kikali, pamoja na matone ya polio, zilikosekana katika sehemu nyingi za nchi. Wazazi walizungushwa kutoka kituo hadi kituo wakiwa na watoto wachanga mgongoni. Wengi walidhani ni uzembe wa wauguzi. La. Muuguzi hawezi kudunga kilichokosekana katika jokofu. Chanjo hizo mbili ni miongoni mwa zile ambazo Kenya hujilipia yenyewe kikamilifu. Zikikosekana, pa kuulizia ni kwenye bajeti.

Zile nyingine, kama ya nimonia na ya kuhara, hulipiwa kwa ushirikiano na shirika la Gavi, na kila mwaka sehemu yetu inaongezeka. Kenya imepangiwa kujitegemea kabisa kwa chanjo kufikia mwisho wa muongo huu. Kumbuka pia kwamba Kakamega ni moja ya kaunti nane za eneo la ziwa zilizochaguliwa kuanza chanjo ya malaria mwaka 2019. Chanjo hiyo ina dozi nne, na mtoto anayepata tatu bila ya nne hajakamilisha kinga yake. Nani atailipia baada ya wafadhili kuondoka?

Tumekwisha kuonja uchungu huo. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ghafla, na wafanyakazi wengi wa miradi ya Ukimwi nchini wakarudishwa nyumbani. Tulijua kwa miaka mingi kwamba mgeni ataondoka. Hatukujenga jiko letu. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa afya. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Kenya bado haijaitimiza ahadi hiyo katika bajeti yake ya kitaifa.

Chakula na familia

Msomaji atasema, daktari, mbona unazungumzia sindano tu? Ni kweli, afya ya mtoto haiishi hospitalini. Watoto wengi ninaowapima uzito hapa si wagonjwa wa kitu chenye jina. Wanakunywa uji wa mahindi mtupu asubuhi, chai ya rangi mchana, na ugali na mboga usiku. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, baada ya miaka ya kudorora, maelfu ya nyumba za kaunti hii zilikuwa zimepoteza ule mlango mmoja wa pesa. Mwenye miwa alikosa kulipwa, mwenye duka akakosa wateja, na kipimo cha mkono wa mtoto kikaonyesha yote hayo.

Nchini kote hali ya kudumaa imepungua, kutoka asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2014 hadi asilimia 18 mwaka 2022. Ni hatua nzuri. Lakini kudumaa hutokea hasa kati ya mimba na miaka miwili. Baada ya hapo, mtoto akipewa maziwa shuleni atashiba na atasoma vizuri, ila urefu na sehemu ya nguvu za ubongo alizopoteza ni vigumu kumrudishia. Ndiyo sababu msaada kwa familia changa si hisani. Ni matibabu yanayotolewa kwa wakati wake.

Serikali kuu ina mpango wa Inua Jamii, ambao sehemu yake huzisaidia familia zinazolea mayatima na watoto walio katika shida. Kwa zaidi ya miaka kumi kiwango kimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Nenda sokoni uone shilingi 2,000 za leo zinanunua nini zikilinganishwa na za mwaka 2013. Kiwango kisipopanda na bei zikapanda, msaada umekatwa bila mtu kutangaza kwamba umekatwa.

Wapo pia wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaopita mlango kwa mlango na mkoba wao. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 nchini, kila mmoja alipwe shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hao ndio wanaomgundua mtoto aliyekonda kabla hajaletwa kwangu akiwa mahututi. Kwa kaunti, gharama ya mmoja ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Sioni pesa nyingine zinazonunua afya nyingi kiasi hicho. Lakini mhudumu asipolipwa miezi mitatu, ataweka mkoba chini aende kutafuta kibarua, na hakuna atakayemlaumu.

Pesa hazitoshi, ndiyo

Wakubwa hujibu kwamba pesa hazitoshi, na kwamba deni la taifa linakula nusu ya sufuria. Nakubali pesa hazitoshi. Hata nyumbani kwangu hazitoshi. Lakini katika nyumba yenye busara, chakula kikipungua, wa kwanza kupakuliwa ni mtoto. Upungufu hautuondolei wajibu wa kuchagua, unauongeza.

Na si mimi ninayesema hivyo peke yangu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, makao na matibabu. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu.

Ningeombwa niweke mpangilio, ningesema hivi. Kwanza, chanjo na dawa za watoto zilipiwe kabla ya kitu kingine chochote katika afya, na fungu lake lisiguswe bajeti ya nyongeza inapokuja. Pili, kila mahali wanapojifungulia akina mama pawe na wauguzi wa kutosha zamu zote, na vifaa vya kumhudumia mtoto mchanga. Tatu, wahudumu wa afya ya jamii walipwe kila mwezi. Nne, msaada kwa mama mjamzito maskini utolewe kwa tarehe inayojulikana. Majengo mapya yafuate baada ya hayo manne.

Wewe ufanye nini?

Usiseme bajeti ni ya wataalamu. Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini maamuzi hufanywa mapema zaidi. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha, unaogawa pesa kati ya idara, hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hupelekwa kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo ukingoja hotuba ya Juni umechelewa. Sahani zimekwisha kupakuliwa.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Vikao hivyo hutangazwa, nasi huvikwepa. Anayekwenda mara nyingi ni mwenye kandarasi, au kijana aliyeahidiwa soda. Matokeo yake, wanaoomba barabara na taa wapo, wanaoomba oksijeni hawapo. Mtoto mchanga hana kura, na mama yake yuko wodini.

Kikao kijacho kikiitishwa katika wadi yako, iwe ni hapa Shieywe au Mahiakalo, Shirere au Butsotso, nenda ukiwa na maswali manne uliyoyaandika kwenye karatasi. Mwaka jana idara ya afya ilitengewa kiasi gani, na ilipokea kiasi gani hasa? Kituo chetu kilikaa siku ngapi bila dawa za watoto au chanjo? Usiku kuna wauguzi wangapi katika chumba cha kujifungulia? Akina mama wangapi walilipwa msaada wao, na kwa wakati? Swali la kwanza unaweza kulijibu wewe mwenyewe kabla ya kikao, maana Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti ya matumizi ya kila kaunti kila robo ya mwaka. Ukimuuliza mwakilishi wa wadi yako huku umeishika ripoti, hatakujibu kwa mafumbo.

Wazee walisema kinga ni bora kuliko tiba, nasi tumeyabandika maneno hayo katika kuta za zahanati zetu zote. Kinga hiyo ina bei, na bei hiyo huandikwa na watu kati ya Septemba na Juni. Usikose kuwapo inapoandikwa.